Paka Hakubali Kulala Chali?

Kama ilivyo desturi ya safu hii, tunachukua methali moja na kuipeleka nyumbani, tuone kama inapatana na mambo ya sebuleni. Zamu hii ni ya paka: "Paka hakubali kulala chali."

Wazee waliosema hivyo walikuwa wakimtazama paka aliye macho. Mshike, mgeuze, mlaze kwa mgongo; atajipindua kabla hujaondoa mkono. Hata akianguka kutoka juu ya kabati hujigeuza hewani akatua kwa miguu. Mfaransa Étienne-Jules Marey alilionyesha jambo hilo kwa picha za mfululizo mwaka 1894. Ndiyo maana methali hii humfaa mtu asiyekubali kuwekwa mahali pa kushindwa. Lakini kila mwenye paka katika klabu yetu ana picha kwenye simu inayoipinga: paka kalala chali kwenye kochi, miguu minne juu, tumbo wazi, hana habari na mtu. Je, wazee walikosea?

Hawakukosea. Paka aliye macho hulinda tumbo lake, kwa kuwa hapo ndipo anapodhurika kwa urahisi. Akilala huku amelifunua, basi anaona nyumba ni salama na chumba kina joto. Methali inazungumzia paka mwenye wasiwasi, na picha zetu zinamwonyesha paka asiye na wasiwasi. Ukitaka kujua ni yupi kati ya hao wawili uliye naye, tazama miguu yake akiwa amelala, ujiulize swali moja tu: misuli bado inafanya kazi, au imeachiliwa?

Tuanze na mkao tunaouona zaidi. Paka amekaa kwa tumbo, miguu ya mbele ameikunja na kuificha chini ya kifua, mgongo umeviringana. Waingereza humfananisha na mkate, nasi watu wa pwani tungesema kawa boflo. Huyu anasinzia tu, usingizi wake ni wa mang'amung'amu. Shingo inashikilia kichwa, masikio yanageukia kila sauti. Paka hulala kati ya saa 12 na 16 kwa siku, na sehemu kubwa ya usingizi huo ni mwepesi wa namna hii.

Akihisi baridi, hujikunyata. Atajiviringisha, miguu yote ndani, mkia juu ya pua. Msimshangae katika vyumba vyetu vya huku. Mwili wa paka hustarehe kwenye joto la nyuzi 30 hadi 38 za Selsiasi, kwa hiyo chumba ambacho sisi twakiona kina joto la kutosha, kwake ni kipupwe. Chumba kikipata joto hujikunjua, akalala kwa ubavu na kunyoosha miguu. Likizidi, ndipo mnapomkuta chali.

Sasa tuje kwenye mtikisiko. Paka amelala ubavu, mara vidole vinaanza kuchezacheza, sharubu zinatikisika, mguu wa mbele unapiga kidogo kama unaokamata kitu. Kiswahili kina neno lake: anaweweseka. Mwaka 1959 mtafiti Michel Jouvet, akiwa Lyon, Ufaransa, alieleza usingizi wa ajabu aliouona kwa paka. Ubongo ulikuwa ukifanya kazi karibu kama wa aliye macho, huku misuli ya shingo ikiwa imelegea kabisa. Katika miaka ya 1960 alionyesha kwamba kuna sehemu ndogo chini ya ubongo inayozuia mwili usifuate ndoto. Sehemu hiyo ilipoharibiwa, paka waliinuka wakiwa usingizini, wakanyemelea na kurukia mawindo yasiyokuwepo. Kwa hiyo vidole vinavyochezacheza ni mabaki ya mwendo uliozuiwa. Paka wachanga hufanya hivyo mno, maana sehemu kubwa ya usingizi wao ni wa aina hii.

Na hapa ndipo boflo na ndoto vinapotengana. Mkao wa boflo unahitaji misuli ishike, na usingizi wa ndoto unataka misuli iachie. Paka hawezi kuwa na vyote viwili. Akizama katika ndoto akiwa amekaa boflo, kichwa kitaanguka na mkao utavunjika.

Jambo hili halikuwa la darasani tu. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili amepanga chumba kwa mama mmoja mwenye asili ya Mombasa, na paka wa nyumba hiyo ana miaka 14. Tulipokwenda kumwamkia, mama alituuliza: "Wanangu, nyinyi mnaosoma chuo, niambieni. Huyu usiku miguu inamcheza. Anaota au anateseka? Kama ni mateso, nisimwache hivi." Tulielewa anachokisema bila yeye kukimalizia.

Tulimwomba ruhusa ya kumtazama paka wake kwa juma zima, kwa zamu, na kumrekodi kwa simu. Mtikisiko ulikuwa mdogo, wa vidole na sharubu, ukija na kukatika. Mama akimwita kwa upole, paka alifungua macho, akapiga miayo, akamtambua. Hiyo ilikuwa ndoto. Kilichotusumbua ni kitu ambacho nyumba nzima ilikuwa ikikisifu. Mchana kutwa paka alikaa boflo, kimya, nadhifu, hamsumbui mtu. "Amekuwa mtulivu uzeeni," mama alisema. Lakini kwa siku saba hatukumwona hata mara moja akinyoosha miguu ya nyuma, ingawa alikuwa kando ya hita. Kichwa alikishusha chini ya mabega na macho aliyafumba nusu. Kabla ya kupanda kochi alisimama, akapima, akaghairi.

Mama alimpeleka kwa daktari wa wanyama pamoja na video zetu. Jibu lilikuwa yabisi ya viungo kwenye nyonga. Sasa anapewa dawa ya maumivu kila siku, na kochi limewekewa ngazi ya mito. Hakuponywa, uzee hauponywi, lakini ameanza tena kulala ubavu. Na bado anaweweseka, jambo ambalo mama sasa hulitazama kwa furaha.

Basi hili ndilo tunalotaka mwondoke nalo: kinachotutisha kwa paka aliyelala mara nyingi ni salama, na kinachotupendeza ndicho cha kuchunguzwa. Paka mwenye maumivu mara nyingi halii, hutulia. Wataalamu wa Université de Montréal huko Kanada walichapisha mwaka 2019 kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa paka. Hutazamwa masikio, macho, pua na mdomo, sharubu, na mahali kichwa kilipo. Sisi twaongeza kwa lugha ya nyumbani: linganisheni paka na yeye mwenyewe. Boflo si ugonjwa. Paka aliyekuwa akilala chali na sasa hatoki kwenye boflo, huyo ana neno.

Kuna mitikisiko ya kuogopwa pia. Mwili ukikakamaa, miguu ikapiga kwa nguvu, mate au mkojo ukatoka, na ukimwita hasikii, hicho chaweza kuwa kifafa. Msitie mkono karibu na mdomo wake. Ondoeni vitu vinavyoweza kumuumiza, tazameni saa. Ikipita dakika 5 ni dharura. Na kama ghafla miguu ya nyuma imekufa, nyayo zake ni baridi, na paka analia kwa uchungu, huenda bonge la damu limeziba mshipa. Huyo ni wa kukimbizwa saa hiyohiyo. Jambo la mwisho kwa wanaopenda kugawa vidonge: msimpe paka parasetamo. Kidonge kimoja chaweza kumuua.

Mtatuuliza kuhusu makucha. Paka ana vidole 18, vitano kwa kila mguu wa mbele na vinne kwa kila wa nyuma, na makucha yake hujificha yenyewe misuli ikipumzika. Kuyatoa ndiko kunakohitaji nguvu. Ndiyo maana aliyelala fofofo mguu wake huwa laini kama pamba. Na yule anayekanda blanketi kabla ya kulala, kana kwamba anakanda unga wa chapati, anarudia alichofanya kwenye titi la mama yake ili maziwa yashuke.

Msamiati wa zamu hii: chali, kifudifudi, ubavu, kujikunyata, kuweweseka, mang'amung'amu, fofofo. Walimu wametuahidi kuutumia katika jaribio, kwa hiyo msiseme hamkuambiwa. Kama bibi au nyanya yako nyumbani ana neno jingine la paka anayekanda, au la mkao wa boflo, mpigie simu mwisho wa wiki umuulize, kisha utuletee mkutanoni.

Toleo lijalo tutamfuata kuku mgeni, tuone ile kamba ilifika vipi mguuni.