KARATASI YA KORTI NI YETU PIA

Ndugu wanachama wa Malaba, na ninyi mlio Busia, Bumala na Budalang'i,

Wengine watauliza kwa nini watu wa reli waandike habari za barabara. Jibu letu ni fupi. Reli haiendi Budalang'i. Mtu akitoka zamu Malaba, ili afike kwao Ruambwa au Port Victoria, hupanda matatu hadi Busia, tena matatu hadi Bumala, kisha boda boda mpaka mlangoni kwa mama yake. Tena wengi wetu tumekopa pesa tukanunua pikipiki, tukawapa wadogo zetu waendeshe wapate riziki. Askari wa trafiki akiikamata pikipiki ile, mkopo haukomi kukatwa katika mshahara. Kwa hiyo jambo hili ni letu sana, na yeyote asemaye kwamba chama kisiliguse hajapata kukatwa.

Twataka kusema wazi juu ya tabia mbaya tatu. Moja ni ya barabarani, moja ni ya kortini, na moja, twaona haya kusema, ni yetu wenyewe.

Tuanze na barabarani. Kila mtu ajua namna ilivyo. Pikipiki yasimamishwa. Hapana kosa linalotajwa. Mtu aambiwa "ongea vizuri," naye anaelewa, atoa noti mbili za mia, aenda zake. Kesho yake asimamishwa tena mahali pale pale, maana yeye sasa amekuwa ng'ombe wa maziwa. Wenzetu hujitetea hivi: "Kesi itanila siku nzima na nauli ya kwenda Busia na kurudi, kitu kidogo ni mia mbili tu." Hesabu hiyo ni ya kweli kwa siku moja. Lakini hebu ihesabu kwa mwezi, halafu kwa mwaka, na katika mwaka ule wote huna karatasi hata moja ya kuonyesha ulipata kulipa kitu. Tena kumbuka kwamba atoaye hongo ana kosa kama apokeaye. Basi umelipa pesa ukajinunulia kosa jingine juu ya lile la kwanza, kama la kwanza lilikuwako.

Kiasi cha faini za makosa madogo si siri ya askari. Kiliandikwa katika kanuni za 2016. Kupanda pikipiki bila kofia na vazi la kujikinga ni Shs. 1,000/-, naye abiria wako vile vile. Kutoonyesha leseni ukiulizwa ni Shs. 1,000/-. Kutofunga mkanda garini ni Shs. 500/-. Gari lisilo na cheti cha ukaguzi ni Shs. 10,000/-. Basi askari akikutajia kosa, mwombe kwa adabu aliandike. Mwambie, "Afande, niandikie hati, nitakwenda kortini." Wengi wa wale waliokuwa na njaa tu hapo watakumbuka kwamba wana gari jingine la kusimamisha.

Sisi wa reli hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Dereva wa treni hatoki stesheni bila ruhusa ya njia, na ruhusa ile huandikwa, saa na dakika, na jina la aliyeitoa. Likitokea jambo, kitabu hufunguliwa. Wazee wetu waliofanya kazi East African Railways kabla ya kuvunjika 1977 walijua hivyo, nasi twajua hivyo. Mbona basi mtu huyo huyo, akishavua yunifomu na kupanda pikipiki, hutoa pesa gizani bila hata kuuliza jina la anayezipokea?

Twaijua sababu moja. Babu zetu walivalishwa kipande shingoni kama mbuzi, na tangu hapo watu wetu huiona karatasi ya serikali kuwa kamba. Hatuwalaumu. Lakini karatasi ya korti ya leo si kipande. Ina jina lako, na haki yako imo ndani yake, kama ikiandikwa sawasawa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lenyewe.

Mwenzetu mmoja, hatutamtaja, ana mdogo wake aendeshaye pikipiki. Kijana alikamatwa asubuhi, hati ya bima ilikuwa nyumbani. Bima yenyewe ilikuwa imelipwa, na ilikuwa na miezi ya kuishi. Akashtakiwa kwamba aliendesha bila bima. Mwaona tofauti? Kutobeba karatasi ni jambo moja, kukosa bima kabisa ni jambo jingine, nalo ni kubwa zaidi. Kortini wakasimama wengi pamoja, mambo yakaenda mbio. Kijana akasomewa, akajibu, "Ni kweli sikuwa nayo, lakini iko nyumbani." Akatozwa faini kubwa kama mtu asiye na bima, ndugu yake akakopa akailipa, na jambo likadhaniwa limekwisha.

Walikuja kwetu baada ya majuma matano. Siku za kukata rufani ni 14 tangu hukumu. Zimepita. Mtu aweza kuiomba Korti Kuu imruhusu kuchelewa, lakini lazima atoe sababu, na lazima aonyeshe lililoandikwa. Tukaenda masjala kuomba mwenendo wa kesi. Nambari iliyokuwa katika risiti ilileta faili ya mtu mwingine kabisa, mtu wa lori. Tukarudi siku nyingine, tukaambiwa karani mwenyewe hayupo. Mara ya tatu tulikwenda na hati ya mashtaka, ambayo mama yao aliiweka ndani ya Biblia (Mungu ambariki mama huyo), na kwa nambari ya O.B. na tarehe faili ikapatikana. Tukasoma. Palikuwa na maneno mawili tu: "Ni kweli." Lile "lakini" halikuandikwa.

Ndugu, tulikaa kimya pale kwenye benchi. Maana neno "lakini" ndilo lililokuwa kesi yote.

Sheria haikatazi "lakini". Mwaka 1973 Korti ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan na Jamhuri, ilieleza wazi namna ya kupokea kukubali kosa. Mashtaka yasomwe na kuelezwa kwa lugha anayoijua mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe, kadiri iwezekanavyo kama alivyoyasema. Kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza. Akisema neno linaloonyesha kwamba hakubali, iandikwe kwamba amekana, na kesi isikilizwe na mashahidi. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 50, yampa mshtakiwa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya korti. Mtu wa Bunyala au Mteso ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni asione haya kumwomba. Haombi sadaka.

Kwa hiyo, ukiwa na "lakini" moyoni, usianze na "ni kweli". Anza na "si kweli", au "nakana", ndipo ueleze. Maana mtu aliyekubali kosa sheria haimruhusu kukata rufani juu ya kosa lenyewe, ila juu ya adhabu tu, isipokuwa aonyeshe kwamba kukubali kwake hakukuwa kamili. Naye ataonyeshaje kama lililoandikwa ni maneno mawili?

Jambo la pili, nalo tutalipita upesi. Dhamana si faini. Wako watu wanaoacha pesa kituo cha polisi jioni, wakapewa risiti, wakaenda nyumbani wakilala usingizi mzuri kwamba wamelipa. Hawajalipa. Pesa zile ni za kukufanya uende kortini siku iliyoandikwa. Usipokwenda, zapotea, na hakimu hutoa hati ya kukukamata, nawe utakamatwa siku usiyoitazamia, labda siku ya zamu yako, halafu msimamizi auandike utoro. Ukienda na kesi ikaisha, una haki ya kudai dhamana yako. Itunze risiti ile kama utunzavyo kitambulisho.

Sasa twaisema korti. Kifungu kile kile cha 50 chasema kwamba aliyeshtakiwa aweza kupata nakala ya mwenendo wa kesi yake katika muda unaofaa baada ya kesi kwisha, kwa ada inayofaa iliyowekwa na sheria. Hakisemi arudi mara tatu. Twaambiwa siku hizi kesi ziko katika mashine, na kweli tangu Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome alitangaza kwamba korti zote nchini zitapokea kesi kwa mtandao. Vizuri. Lakini ile tovuti ya sheria ambayo vijana hutufungulia katika simu huweka zaidi hukumu za korti za juu. Faini ya pikipiki iliyotolewa na hakimu wa chini kwa dakika mbili hutaiona humo. Iko masjala, katika faili, chini ya nambari yake na mwaka wake, na asiye na nambari ni kama msafiri asiye na tikiti. Twataka nambari ya kesi iandikwe kwa usahihi katika kila risiti, na orodha ya kesi za siku ibandikwe mahali mtu awezapo kuisoma kabla ya kuitwa jina. Twataka tena karani amsaidie raia kutafuta kwa jina, kwa tarehe na kwa nambari ya gari. Hilo si fadhila, ni kazi anayolipwa kwayo.

Ukinyimwa, usigombane na karani. Andika barua, weka nakala. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaipa ofisi ya serikali siku 21 kujibu ombi la habari. Kwa faili iliyopotea yuko mpokea malalamiko wa Mahakama. Kwa askari iko mamlaka ya kusimamia polisi, iliyowekwa kwa sheria ya 2011.

Wenzetu wanaovuka daraja wasidhani kule ng'ambo ni afadhali. Uganda ina faini za papo hapo tangu 2004, na Juni 2025 walianza kutoza kwa kamera, watu wakapiga kelele hata serikali ikausimamisha mpango kwa muda. Twaona hapo jambo moja tu: walipiga kelele pamoja, wakasikiwa.

Tabia ya tatu ni yetu. Tawi letu lina daftari la michango, daftari la misiba, hata daftari la viti vilivyoazimwa kwa harusi. Daftari la kesi hatuna. Mwanachama akishtakiwa kila mtu humpa pole, na jioni imekwisha. Kama tungalikuwa nalo, yule kijana angalikuja siku ya pili, si juma la tano, na siku zake 14 zingalikuwa mkononi mwetu. Tulikosa, nasi twakiri.

Daftari limekwisha kununuliwa. Liko kwa katibu wa tawi, Malaba. Yeyote aliye na kesi, yake au ya mdogo wake, alete hati ya mashtaka, risiti ya dhamana na tarehe ya korti, tuandike. Wa Budalang'i wasioweza kufika wampe mwenzao anayerudi zamu. Ya kijana yule tumekwisha kuiandika ukurasa wa kwanza, na ombi lake la kuchelewa rufani linapelekwa Korti Kuu Busia. Anatafutwa mtu aliyekuwa kortini asubuhi ile akamsikia akisema "lakini". Kama ni wewe, njoo.