Jiwe Haliulizi Notisi

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alinijia hapa Kibara na daftari la fizikia, uso umemshuka. Swali lilikuwa hili: jiwe limening'inizwa kwa uzi, likavutwa pembeni mpaka likapanda sentimita 20, kisha likaachiwa. Je, litapita chini kwa kasi gani? Mtoto alijibu kwa mistari mitatu: nishati ya juu ni sawa na nishati ya chini, basi ni mita 2 kwa sekunde. Jibu ni sahihi. Mwalimu akamkosesha, eti hakufuata njia ya notisi.

Ndugu msomaji, nasema waziwazi: aliyekosea si mtoto.

Notisi zilimtaka atumie kanuni ya kitu kinachoongeza kasi kwa kiwango kimoja. Kanuni hiyo yafaa kwa embe linaloanguka wima. Jiwe la pendulamu hushuka kwa upinde: mwanzoni husukumwa sana, na likifika chini kabisa halisukumwi mbele hata kidogo.

Uhifadhi wa nishati hauulizi njia. Huuliza tu jiwe limeshuka kimo gani. Uzi hauongezi wala haupunguzi nishati, kwa kuwa huvuta kuelekea fundo, na jiwe hukatisha mvuto huo kwa pembe mraba. Uzito nao hujifuta pande zote mbili: jiwe dogo na kubwa hupita chini kwa kasi ile ile. Chukua 2, zidisha kwa 10 ya mvutano wa dunia, kisha kwa mita 0.2. Unapata 4, na kipeuo chake cha pili ni 2. Basi!

Watasema hatuna maabara. Sisi tulitoka nje, tukafunga jiwe kwa mshipi wa kuvulia samaki kwenye tawi la mwembe. Tulipoliachia, tukauzuia mshipi katikati kwa fimbo. Mshipi ukapinda, upinde ukawa mfupi, lakini jiwe likapanda karibu kimo kile kile. Kilichopungua kilichukuliwa na hewa na msuguano. Galileo alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha 1638. Yeye alitumia msumari.

Sisemi njia hii inamaliza kila swali. Muda wa kwenda na kurudi una kanuni yake, na hutawaliwa na urefu wa uzi: uzi wa mita 1, ukibembea kidogo, huchukua takribani sekunde 2. Lakini aliyeulizwa kasi, kwa nini anyimwe njia fupi iliyo ya kweli?

Siku hizi mpwa wangu huandika njia ya notisi apate alama, na ya kwake huiandika ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa penseli, kama mtu anayeficha kosa. Walimu wenzangu wa taifa hili, tunamfundisha nini mtoto huyu?