KAMATI YA SKULI SI KITI CHA HESHIMA

Katika barabara iendayo Kusini Unguja, pale inapokata msitu wa Jozani, yamewekwa matuta ya kupunguza mwendo wa magari. Matuta hayo hayakuwekwa kwa ajili ya binadamu. Yaliwekwa kwa sababu kima punju, mnyama asiyepatikana kwa asili popote duniani ila Zanzibar, alikuwa akigongwa na magari na kufa. Jambo hilo ni jema, wala hapana mwenye akili timamu atakayelilaumu. Tangu mwaka 2004 msitu huo ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Wanyama wake huhesabiwa, ada za wageni huandikwa, na sehemu ya mapato imekuwa ikirejeshwa kwa vijiji vinavyouzunguka.

Lakini hapana budi kuuliza: ikiwa nyendo za kima zinafuatiliwa kwa bidii kiasi hicho, ni nani anayefuatilia nyendo za mtoto wa Pete, Kitogani, Charawe au Ukongoroni, ambaye jina lake limo katika daftari la mahudhurio na mwenyewe hamo darasani?

Swali hilo ndilo linalopaswa kuwa kipimo cha kila anayeomba ujumbe wa Kamati ya Skuli. Kwa bahati mbaya, wagombea wengi hawapimwi hivyo. Kuna mgombea anayeahidi lango jipya na rangi ya ukuta. Kuna anayeahidi kuwabana wazazi mpaka watoe michango. Na kuna yule asiyeahidi chochote, kwa kuwa anachokitafuta ni kuketi meza kuu siku ya mgeni rasmi. Wote hao wana kosa moja: wanaliona jengo, hawamwoni mtoto.

Tarehe 23 Septemba, 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo kwa watoto wote wa Zanzibar. Tangazo lile liliuvunja utaratibu wa kikoloni uliompimia mtoto elimu kwa kabila lake na kwa mfuko wa baba yake. Hata hivyo, wapo waliojidanganya kwamba kazi ilikwisha siku ile. Kufungua mlango ni jambo moja, na kumwezesha mtoto aufikie mlango huo akiwa ameshiba, amevaa na ana daftari mkononi ni jambo jingine. Skuli inaweza kuwa bure, lakini ufukara wa nyumbani haujapata kuwa bure hata siku moja. Kila asubuhi hudai malipo yake, na mara nyingi anayelipa ni mtoto.

Watetezi wa uzembe watasema kwamba kamati haina fedha. Hoja hiyo ni kisingizio. Yapo mambo ambayo hayahitaji hata senti moja, na hayo ndiyo yanayopaswa kutangulia.

La kwanza ni mahudhurio. Mtoto akikosa skuli siku tatu, mjumbe aende nyumbani kwao, si kwa vitisho bali kwa kuuliza. Huenda atakuta mama mgonjwa, au bibi anayelea wajukuu peke yake, au kijana aliyepelekwa kutafuta kuni. Kila sababu ina dawa yake, lakini hakuna daktari anayetibu ugonjwa asioujua.

La pili ni chakula. Mtoto aliyetoka nyumbani na maji matupu hafundishiki, hata akipewa mwalimu bora. Mihogo, ndizi na samaki vipo vijijini. Kinachokosekana ni mpango. Kamati inayoweza kupanga karamu ya mgeni rasmi haiwezi kudai kwamba imeshindwa kupanga uji wa watoto.

La tatu ni akina mama. Katika vijiji vya ghuba wengi wao hulima mwani, na kazi hiyo hutegemea maji ya bamvua yanapokupwa, ambayo kwa Unguja hukupwa saa za asubuhi. Kamati inapoitisha mkutano wa wazazi asubuhi ya bamvua, kisha ikaandika kwamba wanawake hawana mwamko, imewatukana watu wale wale wanaonunua sare na madaftari. Mkutano ufuate maji mafu, au ufanyike alasiri, na viti vya akina mama katika kamati visiwe vya pambo.

La nne ni staha. Kusoma hadharani majina ya wasiochangia ni kumwadhibu mtoto kwa umaskini wa mzazi wake. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 imeweka maslahi ya mtoto mbele. Haiwezekani skuli, mahali panapofundishwa uungwana, pawe pa kwanza kuisahau.

Walimu na watumishi wa umma wasidhani kwamba shughuli hii ni ya wanavijiji peke yao. Mwalimu ndiye anayeona pengo la dawati kabla ya mtu mwingine yeyote. Akinyamaza, kamati huwa kipofu. Na mtumishi anayempeleka mwanawe skuli ya kulipia mjini, kisha akaja kijijini kugombea ujumbe kwa ajili ya jina, anastahili kukumbushwa kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kwa hiyo siku ya kuchagua wajumbe, wazazi wasimwombe mgombea hotuba. Wamtake ataje watoto watano wa kijiji hicho wasiofika skuli mwezi huo, na aeleze amefanya nini kwa kila mmoja. Atakayeweza kujibu apewe kazi. Atakayeanza kuzungumzia rangi ya ukuta aachwe aende akapake nyumba yake.