Kindu Ianze na Dawa, Pampu ya Moyo Ifuate

Mshtuko wa moyo ukiuacha moyo bila nguvu ya kusukuma damu, presha huporomoka, figo na ubongo huanza kuharibika, na hata katika hospitali tajiri karibu nusu ya wagonjwa hufariki. Ndiyo maana pampu za muda zimewekewa matumaini makubwa. Ila si kila pampu inaokoa. Puto la ndani ya mshipa mkuu lilijaribiwa Ujerumani kwa wagonjwa 600. Mwaka 2012 ikabainika kwamba ndani ya siku 30 walikufa 39.7% ya waliowekewa na 41.3% ya wasiowekewa, tofauti isiyo na uzito. Mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu nayo, mwaka 2023, haikupunguza vifo, bali iliongeza uvujaji wa damu. Pampu ndogo inayopitishwa kwenye mshipa wa paja ndiyo iliyoonyesha faida mwaka 2024: ndani ya siku 180 vifo vilikuwa 45.8% badala ya 58.5%. Hata hapo wagonjwa walichaguliwa kwa makini, na waliowekewa pampu walivuja damu na kuhitaji kusafishwa damu zaidi ya wenzao.

Kwa Kindu, mji wa mkoa wa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, funzo liko wazi. Pampu hiyo inadai chumba cha kuzibua mishipa ya moyo, wataalamu usiku na mchana, akiba ya damu na mashine za kusafisha damu. Mgonjwa aliyeporomoka presha hawezi kungoja ndege ya Kinshasa. Kinachowezekana ni kumkinga mwenye mshtuko wa moyo asifike kwenye hali hiyo: kipimo cha umeme wa moyo kifanywe mapema, apewe aspirini na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Utafiti wa mwaka 1988 uliohusisha wagonjwa 17,187 ulionyesha kuwa aspirini pamoja na streptokinase, mojawapo ya dawa hizo za kuyeyusha damu, zilishusha vifo hadi 8.0%, kutoka 13.2% kwa waliokosa zote mbili.

Wapo watakaosema huku ni kuwapangia watu wa Maniema tiba ya daraja la chini. Sivyo: haki ya mgonjwa ni kupona, na dawa iliyo karibu saa ile humponya kuliko mashine iliyo mbali. Wengine watahofia kwamba streptokinase inaweza kuvujisha damu kwenye ubongo. Hofu hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kuwafundisha wauguzi na madaktari kumtambua asiyefaa kupewa. Kwa hiyo fedha za kwanza za moyo Kindu ziende kwenye kipimo, dawa na mafunzo. Pampu ipangwe katika vituo vichache vya nchi vinavyoweza kuiendesha.