Kitabu cha Picha cha Mhitimu: Kisiwe cha Siku Moja

Miezi ya Septemba na Oktoba huku kwetu Mara ni miezi ya maturubai. Kuanzia Nyasho na Bweri mjini Musoma hadi Kiabakari na Bunda, shule moja baada ya nyingine huwaaga wanafunzi wake wa kidato cha nne. Risala husomwa, mgeni rasmi husubiriwa, na shangazi hupenya katikati ya viti akiwa ameshika taji la maua ya karatasi, au la noti kwa mwenye uwezo. Simu hazishuki mikononi. Jioni ile mhitimu mmoja huenda akapigwa picha mia mbili, na mwaka ukipita zisibaki hata tatu: simu imeibiwa, au imetumbukia ziwani, au nafasi ilijaa na mtoto akafuta za zamani ili apate pa kuweka mpya.

Ndiyo maana nafurahi kuona baadhi ya familia zikimtunuku mhitimu wao kitabu cha picha kilichochapwa kwa ajili yake peke yake. Ila vingi nilivyovifungua vina kasoro moja, nayo ni kwamba ni vitabu vya siku moja. Ukurasa wa kwanza joho, wa pili joho, wa tatu keki, wa nne joho na keki. Msomaji hufika mwisho bila kujua mtoto huyu alitoka wapi, wala ni nani waliomfikisha hapo.

Ndugu msomaji, waliombeba mtoto aghalabu hawamo katika picha za siku ya mahafali. Julius Nyerere aliondoka Butiama mwaka 1934 kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma. Akapita Tabora na Makerere, na mwaka 1952 akahitimu Chuo Kikuu cha Edinburgh. Baba yake, Chifu Nyerere Burito, alifariki mwaka 1942, miaka kumi kabla ya joho lile. Kitabu cha siku ya kuhitimu tu kingemwacha nje mzee aliyemtoa mwanawe nyumbani akasome.

Basi kitabu kianzie mbali. Tuchukue mfano wa binti wa Bukima ambaye sare, madaftari na nauli yake vilitokana na dagaa. Ukurasa wake wa kwanza unastahili kuwa mawe yale dagaa wanapoanikwa, na mikono ya mama ikiwageuza. Wa pili uwe njia aliyoipita alfajiri kwenda shule. Kisha dawati, mwalimu wa hisabati aliyemsubiri jioni, na ustadhi aliyemfundisha alifu kabla hajaijua a, e, i. Wengi watasema hawana picha za zamani. Sawa, lakini mawe bado yapo, njia ipo, na ustadhi bado anafundisha. Picha hizo zaweza kupigwa wiki hii.

Hapa sharti niseme jambo ambalo kina mama wenzangu huenda wasilipende. Wazazi wakishaachana, anayekitengeneza kitabu hushika mkasi. Baba hukatwa begani, au mama mdogo hufunikwa kwa ua la rangi. Najua uchungu ulivyo, na wala simtaki mtu ajifanye hakuumia. Lakini talaka ilikuwa baina ya watu wazima wawili. Mtoto hakumtaliki yeyote. Yule baba aliyemfundisha kuendesha baiskeli kabla ya nyumba kuvunjika anayo nafasi yake, na mke wa baba aliyelipa nauli ya muhula mzima anayo yake vilevile. Mhitimu atakifungua kitabu hiki akiwa na miaka arobaini, pengine mbele ya watoto wake, na pengo la mkasi ndilo atakaloulizwa kwanza. Kama huwezi kuchagua picha ya mtu huyo wewe mwenyewe, mwachie mtoto achague, nawe usimhoji.

Kila picha iwe na majina chini yake. Hii ndiyo kazi inayoharakishwa kuliko zote, ilhali ndiyo isiyorudiwa tena. Keti na bibi, mwoneshe picha moja moja, mwulize nani huyu, mwaka gani, palikuwa wapi. Akisimulia kwa Kijita, andika kwa Kijita kama alivyosema, kisha weka Kiswahili chake pembeni kwa ajili ya wajukuu wa mjini. Uso usio na jina hugeuka mgeni ndani ya kizazi kimoja, na anayeyajua majina yote kwa kawaida ndiye mkubwa kuliko wote nyumbani.

Upande wa ufundi nitasema kwa ufupi. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Mwombe anayezituma azipeleke kama dokumenti. Kwa uchapaji mzuri huhitajika nukta 300 katika kila inchi, yaani picha ya upana wa sentimita 15 iwe na nukta zipatazo 1,800 kwa upana huo. Picha ya karatasi ipige upya kivulini mchana, bila mwanga wa simu, na usiipitishe katika mashine ya laminesheni, kwani joto lake laweza kuiharibu kabisa. Kitabu cha kubanwa pini katikati huhesabiwa kwa nne: kurasa 24, au 28, si 25.

Ama picha za binti alizopigwa ndani pamoja na wanawake wenziwe, hizo zisiende dukani kiholela. Mafaili hubaki katika kompyuta ya mchapaji usipoyaombea kufutwa, na wengine huzitundika kazi za wateja ukutani kama tangazo. Mwulize binti mwenyewe ipi iingie na ipi ibaki. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo usione haya kumwambia mchapaji afute mbele yako.

Gharama nazo zisiwe sababu ya kukopa. Kaunta buku la jalada gumu, picha ishirini zilizosafishwa studio, na mwandiko mzuri wa dada mkubwa hutosha kabisa. Mimi binafsi navipenda zaidi vya mkono. Wala hakuna haraka ya kukimaliza siku ya mahafali, maana mtihani wa taifa huwa bado, unamngoja mtoto Novemba. Kifanyeni Desemba, akiwa nyumbani na akili imetulia, naye ashiriki kuchagua. Mwishoni acheni kurasa nne tupu, kwa sababu matokeo hayajatoka na safari ya kidato cha tano au ya chuo haijajulikana.

Na mkichapa, chapeni nakala mbili. Moja itaondoka na mhitimu aendako. Ya pili mpelekeeni bibi, aiweke sandukuni pamoja na kanga zake.