Tangawisi tuiuze kama kiungo, si kama dawa ya kolera

Ndugu wakulima wa Fizi na Baraka, tuongee kidogo juu ya tangawisi. Tunaitia kwenye chai ya asubuhi, kwenye juisi ya sikukuu, kwenye mchuzi wa samaki. Samaki wa ziwa akipikwa na mawese, nyanya, kitunguu na tangawisi ya kutwanga, shombo inapungua na sufuria inabaki tupu. Ndakala kavu nazo vilevile. Wamama wanajua hayo kutushinda sisi tuliosomea kilimo.

Kwa upande wa dawa, hatusemi ni hadithi tu. Tangawisi inatuliza kichefuchefu. Watafiti wamelipima jambo hilo, hata kwa wanawake wenye mimba, wakaona inasaidia. Kikombe cha moto chenye tangawisi na asali kinalainisha koo wakati wa mafua. Sisi tunaishia hapo.

Maana siku hizi ukipita sokoni utasikia: tangawisi na kitunguu saumu inaponya malaria, inaponya kolera. Hapana! Tunaomba koperative yoyote isiandike maneno hayo kwenye mifuko yake. Kolera huku kwetu si habari ya mbali, inarudi kila mara kandokando ya ziwa, kwa kuwa watu wengi bado wanakunywa maji ya ziwa na ya mito. Mgonjwa anaweza kuishiwa maji mwilini na kufa ndani ya masaa machache tu. Mpeni lita 1 ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda kituo cha afya. Anayekaa nyumbani kungoja tangawisi ifanye kazi anapoteza masaa yale yale. Na mtoto mwenye homa apimwe damu.

Faida basi iko wapi? Iko kwenye kukausha. Tangawisi inakaa shambani miezi 8 mpaka 10, na wote tukivuna pamoja bei inaanguka, mbichi inaoza ghalani. Ioshwe kwa maji safi, ikatwe vipande vyembamba, ianikwe juu ya meza au turubai safi, si chini barabarani. Kipande kikivunjika kwa mlio, kimekauka. Kikipindika tu, rudisha juani, la sivyo kuvu itaingia na mnunuzi hatarudi. Tena ikikauka inakuwa kali kuliko mbichi, kwa hiyo mpishi anatumia kidogo. Hilo mwambieni mteja, ni kweli na linauza.

Kabla ya kuuza yote, wekeni mbegu pembeni: vipande vinene, visivyo na madoa. Msipande mahali palipokuwa na nyanya au viazi mwaka uliopita, maana mnyauko wa bakteria unakaa kwenye udongo na unashika mimea yote hiyo mitatu.