Kukatala mukate si kukatala mwenye nyumba

Kuna jambo moja ambalo sisi watu wa Masisi na Walikale tumelinyamazia mno, na katika kitabu hiki kinachosifu desturi zetu tunaona ni lazima lisemwe. Tunajivuna kwamba kwetu mgeni hapiti mlangoni bila kula. Ni kweli, na ni desturi nzuri. Lakini siku hizi desturi hiyo imegeuka kuwa kiboko. Mtu akisema «hiki siwezi kukula, kinaniumiza», tunamwangalia kama mchawi, ao kama mtu mwenye kiburi. Na ajabu ni hii: chakula ambacho tunamlazimisha kwa jina la mababu, mababu wenyewe hawakukijua.

Tunazungumuza juu ya ngano. Mukate, mandazi, chapati, sambusa, makaroni, biskuti, na mufalme wao wote, gato ya arusi.

Tunaye mwenzetu wa kazi, mama wa watoto ine, mpishi hodari. Kwa miaka mingi tumbo lilimsumbua: kuhara kusikoisha, kujaa gazi, damu kupunguka, mwili kukonda. Alimeza dawa za amibe, akameza za minyoo, akarudia tena za amibe. Mwishowe ndugu zake walimpeleka Kigali, na huko wakamwambia kwamba ana ugonjwa wa seliaki: utumbo wake haupatani na gluteni, na dawa ni moja tu, kuacha ngano maisha yote. Akarudi na furaha, maana amejua adui yake. Sasa sikia alivyopokelewa. «Anaringa, amefika Rwanda mara moja tu.» «Ameingia dini gani ile inakataza mukate?» Kwenye arusi ya shemeji yake, bibi arusi alipomletea kipande cha gato mdomoni mbele ya watu wote, akageuza kichwa. Kelele zilizofuata hatutaziandika hapa. Mpaka leo kuna upande wa familia hiyo unaosema kwamba alikatala arusi.

Wenye kujua wanatuambia mambo haya. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, katika shayiri na katika seigle. Njo inayofanya donge la unga livutike kama mpira na mukate uvimbe. Kwa mtu mwenye seliaki, askari wa mwili wanadanganyika: gluteni ikiingia, wanashambulia utumbo wenyewe, na utumbo ukishaharibika chakula kinapita bila kumfaa mtu. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameanza kushuku ngano hata mbele ya vita kuu ya pili. Katika majira ya baridi ya 1944-1945, njaa ilipopiga nchi yake na mukate ukakosekana, watoto wagonjwa wakapata nafuu. Mukate uliporudi, nao wakarudia kuugua. Fikiri, ndugu msomaji: njaa iliua watu wengi, lakini watoto wale ilipowanyima mukate iliwapa nafuu.

Wengine watasema: «Haya, basi ni ugonjwa wa wazungu.» Hapana. Mwaka 1999 waganga walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa Wasaharawi, watu wa jangwa la Sahara ya Magharibi, Waafrika kama sisi, wakakuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wanao. Ugonjwa hauulizi pasipoti. Na zahanati ambayo haina kipimo chake haiwezi kusema kwamba haupo.

Turudie kwa mababu, maana njo jina linalotumiwa kumfunga mgonjwa mdomo. Wanyanga wa Walikale wanayo karisi ya Mwindo, ambayo Biebuyck na Kahombo Mateene waliichapisha mwaka 1969 kama alivyoisimulia Candi Rureke. Muisa alipotaka kumshinda Mwindo kwa kazi ngumu, alimuamuru nini? Kulima shamba la ndizi, lizae siku ile ile. Ndizi, si ngano. Ndizi ilikuwa mali, ilikuwa chakula, ilikuwa kasiksi ya kupatanisha watu. Kwa Wahunde na majirani zao wa Masisi kulikuwa mutama, ulezi, mateke, maharagwe. Mahindi, muhogo, viazi na birayi vikaja baadaye, vikakaribishwa, vikawa vya kwetu. Ngano yenyewe katika Kivu ya Kaskazini ililimwa juu kule Lubero, kwenye baridi, tangu siku za walowezi wa Kibelgiji. Kwetu mukate uliingia kwa mlango wa misioni, wa shamba la mzungu na wa duka la mjini. Hatusemi ufukuzwe. Muhogo pia ulikuwa mgeni. Tunasema tu kwamba mgeni wa juzi hana haki ya kukaa kwenye kiti cha muzee na kuhukumu watoto wa nyumba.

Tena hukumu hiyo tunaisikia hata shuleni. Mtoto akileta birayi za kuchemsha ao kipande cha muhogo, wenzake wanamcheka. Akileta mandazi yenye mafuta ya juzi, wanamuzunguka. Nani aliwafundisha? Ni sisi wazazi, tunaoficha mateke jikoni mgeni akiingia, tukituma mtoto mbio dukani.

Yule mama mwenzetu, alipoona watu hawamsikii, aliingia jikoni. Na hapo tunataka kukawia kidogo, maana watu wanafikiri kuacha ngano ni kufa njaa. Bugali ya muhogo haina gluteni. Ya mahindi haina. Ulezi, mutama, muchele, ndizi, viazi vyote, mateke, maharagwe, karanga, sombe, lengalenga, mafuta ya mawese, sambaza, nyama, maziwa na fromage yetu ya Masisi: hakuna hata kimoja. Uji wa masoso, yaani mahindi, soja na mutama, hauna pia, kama aliyeusaga hakuongeza ngano ndani. Kwanga iliyofungwa ndani ya majani, ni mukate gani tena unaotakiwa safarini? Lituma ya ndizi, ukiitwanga ingali moto, inashiba kuliko mikate mitatu.

Shida ilikuwa chai ya asubui na watoto wanaolia mandazi. Unga wa muhogo peke yake hauvutiki, unavunjika ndani ya mafuta. Akajaribu na kutupa, akajaribu na kutupa. Mwishowe akafanya kama Waganda wanavyofanya kabalagala yao: ndizi tamu zilizoiva mpaka ganda linaanza kuwa jeusi, anaziponda, anaongeza unga wa muhogo kidogo kidogo mpaka donge linashikamana bila kuongeza maji, anasukuma, anakata vidogo, anakaanga kwa moto wa polepole. Ndizi njo inashika pahali pa gluteni. Sukari haitakiwi hata. Watoto wa jirani wanakuja kununua na hawaulizi ina nini.

Lakini shida kubwa haikuwa unga, ilikuwa vyombo. Mafuta yaliyokaanga mandazi ya ngano, ukikaanga ndani ndizi ya mgonjwa, umemulisha ngano. Chekecheke moja kwa unga mbili, mwiko uliotoka kwenye makaroni ukaingia kwenye maharagwe, samaki aliyepakwa unga mbele ya kukaangwa: yote ni ile ile. Kwenye mashini ya kusaga, mahindi yakifuata ngano, yanaibeba. Hata vidonge vya kutia ladha kwenye mboga, ni lazima kusoma karatasi. Na bia ya chupa inatoka kwa shayiri; mwenye seliaki aiache. Kasiksi ya ndizi na mutama haimzuru kwa upande wa gluteni. (Kwa upande mwingine, bibi yake atatuambia.)

Njo maana lile neno letu «kidogo tu haiwezi kukuua» ni neno baya. Kwa mtu huyo, kidogo njo inaharibu. Mwenye kumsukumia kipande anafikiri anatoa upendo, kumbe anamfungulia wiki ya choo.

Sasa tuwageukie pia wale wa upande mwingine, maana nao wametuchosha. Kuna wanaosoma kwenye simu kwamba ngano ni sumu kwa kila mtu, wakaiacha leo na kesho kununua boti za «bila gluteni» kwa bei ya mbuzi. Mwenye afya hana sababu ya kufanya hivyo. Na mwenye kushuku ugonjwa asiache ngano mbele ya kupimwa damu, juu akiisha kuacha, kipimo kinaweza kusema uongo. Halafu kuna wale wanaosema cha mababu chote ni dawa. Wakumbuke konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu ambao daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kule Kwango: unatoka kwa muhogo muchungu usiolowekwa vizuri, kwa watu wasio na chakula kingine cha kuusaidia. Mama zetu waliloweka siku tatu, wakaanika, wakala na maharagwe ao samaki. Hawakufanya hivyo kwa kupoteza wakati. Anayefupisha siku hizo juu ya haraka ya soko, asituhubirie mababu.

Na vita. Watu wetu wamekimbia mara ngapi, Masisi, Walikale, Sake? Mwaka 2025 tena vita vilifika mpaka Walikale-centre. Aliyekimbia halimi, anakula anachopewa, na biskuti za musaada zinazogawiwa mara nyingi ni za ngano. Huyo hatuwezi kumwambia achague. Wanaogawa ndio waulize, na wamama wanaoandikisha majina wajue swali hilo lipo.

Hata Kanisa Katoliki limelazimika kulijibu. Barua ya Roma ya 2017 inasema hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa misa, lakini yenye gluteni kidogo sana inakubaliwa. Na ile ya 2003 inamruhusu asiyeweza hata hiyo kupokea kwa kikombe peke yake. Kama altare imetafuta njia, meza ya arusi inashindwa na nini?

Kwa hiyo tunaomba kamati ya chakula ya ushirika wetu, kwa sikukuu inayokuja: sufuria moja yenye mwiko wake, mafuta mapya, ndizi, sombe na maharagwe, ipakuliwe mbele ya mandazi kukaangwa. Bibi arusi atakayefika na gato mbele ya mama mukwe asiyekula ngano, awe na kabalagala kwenye sahani ya pembeni, amulishe hiyo, na wapiga picha wapige. Na mtu akisema «asante, hiki hapana», mwenye nyumba amuulize neno moja tu: «Tukuletee nini?»